Mgeni wa Meli na Msitu wa Mvua

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii husemwa sana siku za harusi na sikukuu, lakini haituelezi mgeni huyo aje kwa namna gani hata mwenyeji apone kweli. Swali hilo huwakabili wakazi wa kisiwa cha Puerto Rico, katika Bahari ya Karibi, kila meli kubwa ya matembezi ifungapo gati katika bandari ya San Juan na kushusha abiria wake kwa maelfu. Aghalabu wageni hao hawana zaidi ya saa chache kabla ya meli kuondoka. Baadhi yao hupanda mabasi wakaelekea mashariki, mwendo wa kilomita 40 hivi, ili watembee kwa miguu katika msitu wa mvua uitwao El Yunque.

Msitu huo una eneo la zaidi ya hekta 11,000 katika milima ya Luquillo, ambayo vilele vyake virefu hupita mita 1,000. Pepo zivumazo kutoka kaskazini-mashariki hubeba unyevu wa Bahari ya Atlantiki. Zikikutana na milima hazina budi kupanda. Zikipanda hupoa, na zikipoa huuachilia unyevu ule ukawa mvua. Huko vileleni mvua hupita milimita 4,000 kwa mwaka. Mfalme Alfonso XII wa Hispania aliufanya msitu huo kuwa hifadhi mwaka 1876. Kisiwa kilipokwisha kutwaliwa na Marekani mwaka 1898, serikali ya Rais Theodore Roosevelt nayo iliuwekea ulinzi mwaka 1903. Katika misitu yote ya taifa ya Marekani, huu ndio pekee ulio msitu wa mvua wa nchi za joto.

Atembeaye humo hukutana kwanza na mti uitwao tabonuco, ambao huweza kufikia urefu wa mita 30. Utomvu wake ni mweupe, hunukia, na zamani wenyeji waliutumia kuwashia mienge. Msomaji wa pwani hatashangaa akiambiwa kwamba mti huu ni wa jamii moja na ile miti itoayo ubani na manemane. Jambo kubwa zaidi limefichika ardhini: mizizi ya mtabonuco mmoja huungana na mizizi ya jirani yake, ikawa kama mikono iliyoshikana, na hivyo miti hiyo husaidiana kusimama wakati wa kimbunga.

Kisha yuko chura mdogo aitwaye coquí, aliyepewa jina hilo kwa mlio wake. Dume hulia kwa sauti mbili: ya kwanza huwaonya madume wengine wasikaribie, na ya pili humwita jike. Mayai hutagwa mahali pa nchi kavu, na baba ndiye ayalindaye. Watoto hawapitii hali ya kiluwiluwi majini, bali huanguliwa wakiwa vyura wadogo kamili. Kwaya ya vyura hawa huanza hasa jua likizama, saa ambayo mgeni wa meli amekwisha rudi bandarini.

Lakini msitu huu pia una habari ya msiba. Kasuku wa Puerto Rico, ndege wa kijani mwenye alama nyekundu juu ya mdomo, hapatikani porini nje ya kisiwa hicho. Miti mikubwa yenye mashimo ya kutagia ilikatwa, makinda yakakamatwa yafugwe, hata mwaka 1975 wakabaki kasuku 13 tu mwituni. Wataalamu walianza kuwazalisha vizimbani na kuwaachilia kidogo kidogo. Mwezi wa Septemba mwaka 2017 kimbunga Maria kikapiga kisiwa, kikakwanyua majani mpaka milima ya kijani ikawa rangi ya kahawia, na kasuku wa porini wa El Yunque karibu wote wakaangamia. Waliokuwa vizimbani ndio waliookoa mbegu. Mwaka 2020 kasuku wakaanza tena kuachiliwa msituni. Kazi ya karibu nusu karne ilikuwa imefutwa kwa siku moja, na watu wale wale wakaianza upya.

Kwa hiyo yafaa mgeni ajue kwamba anaingia katika nyumba inayotengenezwa. Avae viatu vilivyofunika miguu na visivyoteleza, na achukue koti la mvua na maji ya kunywa. Asiiache njia iliyotengenezwa, kwani miche inayokanyagwa ndiyo miti ya kesho. Asichume ua wala kuokota konokono. Akitaka kuoga mtoni, aangalie mawingu ya mlimani na si jua lililo juu ya kichwa chake: mvua ikinyesha vileleni, mto hufurika ghafla huku chini kukiwa kukavu, na maji hayo yamekwisha kuua watu. Maji yakianza kuchafuka au kupanda, atoke mara moja, wala asirudi kuchukua nguo.

Liko pia suala la fedha. Safari inayonunuliwa melini ina faida ya kuwa meli humngoja abiria basi linapochelewa, lakini sehemu ya malipo hubaki kwa wenye meli. Anayemkodi kiongozi wa kisiwani huacha fedha nyingi zaidi mikononi mwa wenyeji, ila hana budi kurudi mapema, maana akichelewa meli yaweza kumwacha. Kila mmoja na apime mwenyewe, akijua analipa nini na anamlipa nani.

Zaidi ya hayo yote, mito ya El Yunque hupeleka maji kwenye mifereji ya mamia ya maelfu ya watu wa kisiwa hicho. Mgeni huona maporomoko ya kupiga picha. Mama wa Puerto Rico huona maji ya kupikia na kufulia. Udongo ukilegezwa na miguu isiyofuata njia, tope hushuka mtoni, na mto ndio unaomfikia mama huyo jikoni.

Meli za namna hii hutia nanga Zanzibar na Mombasa pia, na wageni wa Unguja hupelekwa kutembea msitu wa Jozani. Basi swali la wenzetu ni letu vilevile. Mwenyeji hataponywa na wingi wa wageni peke yake. Ataponywa na mgeni afuataye njia, alipaye haki ya kiongozi wake, na auachaye msitu katika hali ya kuwapa wenyewe maji baada ya meli kuondoka.