MWANA WA MVUVI NA ELIMU YA NYANGUMI

Mwishoni mwa mwezi wa Aprili mwaka 2006 ndugu zetu wa Nungwi na Kendwa, kaskazini ya Unguja, walikuta pwani yao imetapakaa mizoga ya pomboo. Hawakuwa wawili wala watatu, bali walikadiriwa kufika 400, wamelala mchangani kwa mwendo wa kilomita kadiri ya nne. Wataalamu walikwenda, wakapasua baadhi ya mizoga, wakatazama matumbo na viungo vya ndani. Mengi yalisemwa siku zile. Wengine walidhani ni sumu. Wengine wakashuku milio ya vyombo vya kivita. Wengine wakasema kundi lilipotea njia, likaingia maji madogo, na bahari ikapwa. Jibu moja la kuwatosheleza watu wote halikupatikana.

Hatukulikumbuka jambo hilo leo ili kuwahuzunisha wasomaji wetu. Twalikumbuka kwa sababu linaleta swali ambalo, kwa maoni yetu, bado linangoja jibu. Mkasa kama ule ukirudi wiki ijayo, ukatokea Pemba au Mafia au Lindi, ni vijana wangapi wa pwani yetu watakaojua mzoga hukatwa wapi kwanza, ni kipande gani cha kuwekwa katika barafu, na pomboo ambaye roho haijamtoka afanyiwe nini mpaka maji yajae tena?

Pomboo, nyangumi na nguva si samaki, ingawa sokoni twawachanganya. Ni wanyama wanyonyeshao. Huvuta hewa kwa mapafu, huzaa mtoto mmoja kwa wakati mmoja, na humlea kwa muda mrefu. Pomboo huchukua mimba karibu mwaka mzima, na nguva huchukua zaidi ya mwaka, kisha hupita miaka kadha kabla ya kuzaa tena. Changu au dagaa akivuliwa kwa wingi mwaka huu yamkini mwakani akarudi. Nguva jike akifa katika jarife, pengo lake halizibiki upesi. Ndiyo sababu wanyama hawa wanahitaji watu wa kuwajua na kuwahesabu, na watu hao hawaoti kama uyoga baada ya mvua.

Elimu yenyewe haisomwi kitabuni peke yake. Inafanana na kazi ya kuunda mashua: mwanagenzi hukaa karibu na fundi, akashika randa, akakosea, akaonywa, akarudia. Kijana anayetaka kujua hesabu ya pomboo wa ghuba fulani hana budi atoke alfajiri katika mashua, siku baada ya siku, apige picha za mapezi ya mgongoni. Kila pezi lina pengo na kovu lake, na kwa alama hizo mnyama mmoja hutambulikana na mwenziwe kama tutambuavyo watu kwa sura. Anayetaka kujua umri wa pomboo hulikata jino lake, akahesabu tabaka zake kama zihesabiwavyo pete za mti. Anayetaka kujua amekula nini huchambua tumbo lake, akatafuta vijiwe vya masikio ya samaki na midomo migumu ya ngisi, ambavyo havimeng'enywi upesi. Kazi hiyo inanuka, na haifai kwa mtu anayeogopa kuchafua mikono yake. Lakini ndiyo sayansi yenyewe.

Halikadhalika kazi ya kuwatunza walio hai. Pomboo aliyekwama hulazwa kifudifudi, huwekewa kivuli, hufunikwa nguo iliyoloweshwa maji ya bahari, wala tundu lake la pumzi juu ya kichwa halifunikwi wala halimiminiwi maji. Havutwi kwa mkia. Kelele za watu huzuiwa. Mambo haya ni mepesi kuyasoma, lakini mtu ambaye hajawahi kuonyeshwa, siku yenyewe ikifika huanza kwa kuvuta mkia.

Je, mafundi wa kuwafundisha vijana wapo? Wapo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Unguja tangu mwaka 1978. Iko Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI), na uko Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi wenye chuo Mbegani karibu na Bagamoyo. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, hutoa waganga wa wanyama kila mwaka, ijapokuwa wengi wao wamezoea ng'ombe na mbuzi, na hakuna ajabu katika hilo. Kisha ipo jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya sehemu hii ya dunia, WIOMSA, iliyoundwa mwaka 1993 na ambayo makao yake yako Zanzibar. Kwa miaka mingi jumuiya hiyo imetoa misaada midogo ya fedha ili mwanafunzi amalize utafiti wake, au akajifunze katika chuo cha nchi jirani. Jirani zetu wa Kenya nao wana taasisi yao ya utafiti wa bahari mjini Mombasa, na huko Watamu watu hutoka baharini kuwaangalia nyangumi wapitao.

Wala tusisahau mafundi wa kwanza, yaani wavuvi. Kizimkazi, kusini ya Unguja, palikuwa na desturi ya kuwawinda pomboo ili nyama yao iwe chambo cha papa. Katika miaka ya 1990 wageni walianza kufika kuwatazama pomboo hao, na watu wa mji wakaona kuwa aliye hai analeta riziki kuliko aliyekufa. Mwaka 1997 Ghuba ya Menai ikawekwa chini ya hifadhi. Watafiti walipofika walihitaji kuambiwa kundi hulala wapi wakati wa kusi na huhamia wapi wakati wa kaskazi, na aliyewaambia ni nahodha. Tena watafiti hao ndio walioonyesha baadaye kwamba mashua za watalii zikizidi, pomboo hupungukiwa na wakati wa kupumzika. Habari hiyo haikuwapendeza wote wenye mashua, lakini ilikuwa lazima isemwe.

Uko mfano mwingine, nao twaupenda zaidi. Mwanzoni mwa karne hii watafiti wa Zanzibar na wenzao wa Sweden waliwaendea wavuvi wa nyavu, wakawaomba wasiitupe mizoga ya pomboo walionasa kwa bahati mbaya, bali waipeleke ichunguzwe. Wavuvi walikubali. Kutokana na mizoga ile yakajulikana mambo ambayo hayakuwa yameandikwa popote: wanakula nini, wanazaa wakiwa na umri gani, ni nyavu zipi zinazowaua zaidi. Vikajaribiwa pia vidude vya kutoa mlio vifungwavyo nyavuni, na ikaonekana kwamba vinapunguza idadi ya pomboo wanaonasa. Mmoja wa watafiti hao, Omar Amir, mtu wa hapa hapa kwetu, alitunukiwa shahada ya udaktari na Chuo Kikuu cha Stockholm mwaka 2010 kwa kazi hiyo. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba elimu hii ni ya wenye mabahari ya barafu. Njia imekwisha kupitwa. Tunalolalamikia ni kwamba ni nyembamba mno.

Na wembamba wake ni wa fedha. Kijana mmoja, baba yake ni mvuvi wa mshipi, alitusimulia habari yake. Alikuwa mwaka wa pili chuoni. Alipata barua ya kukubaliwa kufanya mafunzo kwa vitendo katika kazi ya kuhesabu pomboo, kwa wiki nane. Akafurahi, akawaonyesha wazee wake. Alipouliza juu ya malazi akaambiwa ajitegemee, nauli, ajitegemee, chakula, vivyo hivyo, hata sehemu ya mafuta ya mashua alitakiwa achangie. Akazirudisha barua zao kwa heshima, akaenda kufanya mafunzo yake katika ofisi iliyo karibu na nyumbani kwa shangazi yake, ambako alikaa wiki nane akipanga mafaili. Leo ana cheti kinachosema kwamba amejifunza kwa vitendo. Kitendo alichojifunza ni kupanga mafaili.

Nafasi aliyoiacha haikukaa tupu. Ilichukuliwa na mgeni aliyetoka ng'ambo, ambaye wazazi wake waliweza kumlipia. Hatumlaumu mgeni huyo. Kwa habari tulizopewa alifanya kazi kwa bidii na aliungua jua vibaya. Lakini yeye amekwisha kurudi kwao pamoja na ujuzi wake. Siku pomboo watakapopwelewa, hatakuwapo.

Jambo hili si letu peke yetu. Huko Marekani na Ulaya, ambako kuna hospitali za kutibu sili na pomboo, vijana wengi huanza kwa kuosha mabirika, kukata samaki wa kulisha wagonjwa na kuandika uzito wao, miezi mingi bila ya ujira, na wengine hata hulipa wao wenyewe ili wakubaliwe. Huko nako wamekwisha kusikika wanaosema kwamba kwa mtindo huo sayansi hubakia kuwa mali ya watoto wa wenye uwezo. Kama nchi tajiri zinaona aibu ya jambo hilo, sisi tutakuwa na udhuru gani wa kuliiga?

Twajua atatokea mtu wa kutuuliza: zahanati zina upungufu wa dawa, nanyi mwataka posho za watazama nyangumi? Ni swali la haki, na mfanyakazi anayekatwa kodi ana ruhusa ya kuliuliza. Jibu letu ni kwamba pomboo aliyenasa huharibu wavu, na wavu ni mtaji wa maskini. Kizimkazi kuna watu wanaoishi kwa kuwapeleka wageni baharini, na wanyama wakihama riziki yao nayo imehama. Tena fedha tunayoizungumzia ni ndogo sana. Nauli, mahali pa kulala, sahani mbili za chakula kwa siku na posho ya kumwezesha kijana asimuombe mama yake sabuni: kwa vijana kumi jumla yake haifiki gharama ya semina moja ya hotelini.

Ni kweli kwamba Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ina kifungu cha mafunzo kwa vitendo. Kifungu hicho huwafaa wanafunzi wenye mkopo, nacho ni mkopo, maana yake kijana atakuja kuulipa. Twaona si haki mtu akope ili amfanyie mwingine kazi. Anayeandika hesabu za pomboo kutwa nzima juani anafanya kazi, na taasisi inayozitumia hesabu hizo katika ripoti zake imepokea kazi. Kwa hiyo kila mradi wa utafiti unaoomba kibali cha kufanya kazi katika maji yetu na uonyeshe, kabla ya kupewa kibali, ni wanagenzi wangapi wa hapa utakaowachukua na utawalipa nini. Miradi mingine inafanya hivyo tayari kwa hiari yake. Basi na iwe sharti kwa yote. Tena nafasi hizo zitangazwe kwa Kiswahili, zibandikwe madikoni na katika shule za sekondari za pwani, zisiishie katika barua za siri baina ya maprofesa.

Kwa waganga wa wanyama twapendekeza jambo dogo. Wanafunzi wachache wa Morogoro waletwe pwani kila mwaka, wakae na watu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, wapasue mizoga inayopatikana. Mizoga, kwa bahati mbaya, haikosekani.

Wanachama wa matawi ya pwani nao wana la kufanya, nalo halihitaji senti. Mnyama akionekana amekwama, au mzoga umeletwa na maji, habari ipelekwe siku ile ile kwa ofisa wa uvuvi, na mzoga usizikwe wala usikatwe kabla hajafika. Tusidanganyane: nyama ya pomboo na ya nguva huliwa mahali pengine, na mvuvi huogopa kutoa habari asije akashtakiwa. Ofisa anayefika na pingu kwanza na daftari baadaye hatapata habari ya pili kutoka kijiji kile.

Na kuhusu nguva hakuna wasaa. Mwezi wa Desemba mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile liliwaandika nguva wa Afrika ya Mashariki katika daraja la walio karibu kabisa na kutoweka, na likakadiria kwamba waliokomaa katika pwani yote hii, pamoja na Msumbiji ambako ndiko kwenye kundi kubwa la mwisho, hawafiki 250. Kwetu hapa waliosalia ni wa pande za Rufiji, Mafia na Kilwa. Wazee wa huko wanamjua nguva kwa mlo wake wa nyasi za baharini na kwa njia zake wakati wa bamvua. Kijana wa kukaa nao na kuandika wayajuayo apatikane wakati wao wangali wapo, na nguva wangali wapo.

Nyangumi wakubwa watokao bahari za baridi za kusini huja kuzaa katika maji yetu, na huonekana hasa baina ya Julai na Oktoba. Wanafunzi wa vyuo vyetu nao huenda katika mafunzo kwa vitendo baina ya Julai na Septemba. Wakati unalingana wenyewe bila ya mtu kuupanga. Lililobaki ni posho ya wiki nane, nasi twangoja kusikia ni taasisi gani itakayokuwa ya kwanza kuitangaza.