Tone Lifike Nyuma ya Jicho

Mgonjwa wa kisukari huambiwa habari za macho yake akiwa amechelewa. Daktari akishaona mishipa midogo ya damu imevimba au inavuja, ndipo zinapotajwa leza na sindano ya ndani ya jicho. Sindano hizo zimewaokoa wengi na hatuzibezi hata kidogo. Lakini seli za neva za retina huweza kuanza kudhoofika kabla mishipa haijaonyesha dosari yoyote, na katika kipindi hicho mgonjwa hana mengi ya kupewa zaidi ya kuhimizwa adhibiti sukari na presha.

Retina yenye afya hujitengenezea kinga. Somatostatini, homoni iliyotambuliwa na kundi la Roger Guillemin mwaka 1973, hupatikana pia ndani ya jicho, na huko huzikinga neva dhidi ya kemikali iitwayo glutamati inapozidi. Kisukari huipunguza mapema. Kuirudisha kwa matone ni wazo zuri, ila njia ni ngumu: dawa nyingi hufurika shavuni au hushuka puani pamoja na machozi, na konea huzuia sehemu kubwa ya inayobaki.

Ndiyo maana tunaomba jaribio la EUROCONDOR, lililoongozwa na Rafael Simó wa Barcelona, lisomwe kwa utulivu. Wagonjwa 449 wa kisukari cha aina ya pili, katika vituo 15 vya Ulaya, walitia matone mara mbili kwa siku kwa takriban miaka 2. Baadhi walipewa somatostatini, baadhi brimonidini, dawa inayofahamika kwa kutibu presha ya macho, na waliosalia matone yasiyo na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019: kwa kundi zima, hakukuwa na tofauti. Ni rahisi kufunga faili hapo, nasi tunasema lisifungwe. Wagonjwa ambao neva zao zilikuwa zimekwisha kuathirika walikuwa kama thuluthi moja tu. Miongoni mwao, waliopewa matone matupu walizidi kudhoofika, na waliopewa dawa hawakuzidi.

Hiyo ni dalili. Haitoshi kumwandikia mtu dawa, wala asitokee wa kuitangaza sokoni. Inatosha kudai jaribio jingine, linalowachagua wagonjwa kwa kupima neva zao badala ya kutegemea picha ya mishipa peke yake.

Na katika jaribio hilo nasi tuwemo. Kwetu mabingwa wa retina ni wachache na wengi wako katika miji mikubwa; sindano inayorudiwa mara kwa mara humaanisha nauli, siku za kazi zilizopotea, na mtu wa kukusindikiza. Chupa ya matone ingebadilisha mengi. Homoni ya aina hii, hata hivyo, huweza kuharibika kwa joto, na mashine za kupima umeme wa retina, zinazoonyesha hali ya neva hizo, ni ghali. Watafiti wayashughulikie hayo mawili tangu siku ya kuandika mpango wa jaribio, si baada ya dawa kupita.