Kila Mrukaji na Akunje Mwavuli Wake

Muhula uliopita Chama chetu cha Mijadala kilijadili hoja isemayo, "Ni afadhali kazi ngumu aachiwe fundi." Waliokubali walishinda kwa kura nyingi, nami nilikuwa miongoni mwa walioshindwa. Siku ile sikupata nafasi ya kueleza nililokuwa nalo moyoni, kwa kuwa kengele ya chakula ililia, na sote twajua kwamba kengele hiyo haishindwi na msemaji yeyote. Basi namshukuru Mhariri kwa kunipa ukurasa huu.

Neno langu lahusu miavuli. Si ile ya mvua, bali ile ambayo watu huruka nayo kutoka katika ndege. Rai yangu ni hii: mtu anayeanza kujifunza kuruka na ajifunze mapema kukunja mwavuli wake kwa mikono yake, hata kama karibu naye yupo fundi aliye tayari kumkunjia kwa malipo.

Naona wenzangu wa bwenini wakicheka na kuuliza, "Huyu ameruka lini?" Sijaruka. Nina miaka 17, na mama yangu hajanipa ruhusa wala sidhani kama atanipa. Lakini nina mjomba wangu, fundi wa umeme huko Mombasa, ambaye aliweka akiba kwa miaka miwili ili ajifunze kuruka pale Diani, kusini mwa Mombasa, ambako watu huruka na kushuka karibu na bahari. Katika likizo ya Agosti alinichukua nikakae naye. Wakati huo alikuwa amekwisha kuruka mara 19, na kila mara alivaa mwavuli uliokunjwa na mtu mwingine. Sasa mwalimu wake alikuwa amemwambia kwamba imefika zamu yake ya kukunja. Mimi niliruhusiwa kuketi kando ya turubai nikatazame, na hata kujaribu, kwa sharti kwamba chochote nitakachokunja mimi hakitapanda ndege.

Kabla ya hapo nilidhani kwamba mwavuli huo ni duara, kama ule ambao Mfaransa André-Jacques Garnerin alishuka nao kutoka katika puto juu ya mji wa Paris mwaka 1797, akayumbayumba sana njiani. Kumbe wa siku hizi ni mstatili, tena una tabaka mbili za nailoni, ya juu na ya chini. Katikati yake mna kuta zinazogawa vyumba virefu, saba au tisa, vilivyo wazi mbele na kuzibwa nyuma. Upepo ukiingia kwa mbele, vyumba hufura, na kitambaa kile chepesi hugeuka kuwa bawa. Mrukaji hulielekeza kulia na kushoto kwa kuvuta kamba mbili.

Sasa, ni vipi kitu kikubwa namna hiyo hutoka katika mkoba wa mgongoni? Hutoka kwa utaratibu. Mrukaji hutupa upeponi kimwavuli kidogo. Kimwavuli hicho hushika upepo, huvuta utepe, na utepe hung'oa pini inayofunga mkoba. Kisha mfuko ulio na mwavuli huinuliwa kutoka mgongoni, na kamba hujikunjua fungu baada ya fungu kutoka katika mipira iliyozishika. Kamba zikiisha, mfuko hufunguka, mwavuli hutoka na kuanza kufura. Hapo kuna kitambaa kidogo cha pembe nne, chenye matundu ya chuma ambamo kamba zote hupita. Hicho hushuka polepole na kuuzuia mwavuli usifunguke kwa ghafula ukamuumiza mtu. Mambo yote haya hutendeka kwa muda wa kuhesabu moja mpaka tano hivi. Kwa hiyo nilitambua kwamba kukunja mwavuli si kama kukunja shuka. Ni kupanga mapema jinsi utakavyofunguka, hatua kwa hatua, wakati ambapo hapana mkono utakaofika kusaidia.

Mjomba alitumia saa moja na nusu kuukunja mara ya kwanza. Wazoefu waliokuwa kando yake walimaliza kwa dakika kumi au kumi na tano, wakaenda kunywa chai. Yeye alifuata kamba kutoka mkobani mpaka kwenye kitambaa aone kama zimenyooka, akapanga vyumba mkononi kimoja kimoja, akaziweka kamba katikati, akakivuta kile kitambaa cha pembe nne mpaka juu. Mpaka hapo mambo yalikuwa mema. Shida ilikuja alipoulaza chini na kuanza kutoa upepo. Nailoni huteleza. Ukiukandamiza upande huu, unafura upande wa pili kama unga uliotiwa hamira. Mjomba alipiga magoti, akalala juu yake kwa kifua, jasho likamtoka, nasi tukacheka, naye akacheka. Alipomaliza, mwalimu aliutazama, akaonyesha makosa mawili, kisha akaufungua wote. Mjomba akaanza tena. Siku ile aliukunja mara nne.

Siku ya tatu nilipewa nami mwavuli mzee wa kufundishia. Nilikuwa nimetazama sana, na moyoni nilijiona hodari kuliko mjomba. Nilikunja kwa dakika arobaini. Mkoba ulifungika vizuri, pini ilikaa mahali pake, na kwa nje ulikuwa safi kuliko hata wake. Mjomba akauzunguka, akaniuliza, "Haya, mwanangu, ungeruka nao huu?"

Nikajibu kwa haraka, "Ningeruka."

Hakusema neno. Alifungua kidirisha kidogo kilichomo katika ule utepe wa kimwavuli, akaniambia nitazame. Ndani ya utepe hupita kamba nyembamba. Mwavuli mkubwa unapofunguka, kamba hiyo hukikunja kimwavuli ili kisiburutwe na upepo bure. Kwa hiyo wakati wa kukunja sharti uivute kamba hiyo na kukirudisha kimwavuli katika hali ya kushika upepo. Ukiivuta, alama ya rangi huonekana kidirishani. Mimi nilitazama, sikuona rangi yoyote. Nilikuwa nimesahau. Kimwavuli changu kingetupwa upeponi nacho kingepepea kama kitambaa cha kufutia ubao, kisiwe na nguvu ya kuutoa mwavuli mkubwa.

Wasomaji wapendwa, niliona haya kuliko siku niliyorudishiwa karatasi ya hesabu. Hapakuwa na hatari yoyote, maana mwavuli ule haukuwa wa kupanda. Lakini nilikuwa nimesema "ningeruka," nami nilisema kwa sababu nje ulipendeza.

Jumapili ile mjomba aliruka na mwavuli alioukunja mwenyewe. Mwalimu aliukagua kila hatua. Nilisimama kando ya uwanja nikaisikia ndege ikipanda mpaka sauti yake ikawa kama ya nyuki. Huko juu, mtu akitoka, huanguka kwa kasi ya kilomita 190 hivi kwa saa kabla ya kufungua. Nilihesabu, nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Kisha nikauona mwavuli wa rangi ya machungwa umefunguka, lakini yeye aliye chini yake alikuwa akizunguka, maana kamba zilikuwa zimejisokota kama za bembea ambayo watoto wameizungusha. Alitanua mikanda iliyo juu ya mabega, akapiga teke hewani kuelekea upande wa pili, zikajisokotoa. Akashuka salama.

Jambo lililonigusa ni maneno yake alipokuwa akiukusanya mwavuli. Hakusema, "Bahati mbaya." Hakumlaumu mtu. Alisema, "Najua nilipokosea. Fungu la mwisho la kamba nililifunga kwa mpira uliolegea upande mmoja. Niliuona, nikasema si kitu." Mwalimu akamwambia kwamba huenda pia bega lake moja lilikuwa chini wakati wa kufungua, maana hilo nalo husokota kamba. Wote wawili wakaenda kwenye turubai, wakabadili mpira ule, na mjomba akaanza kukunja.

Hapa ndipo ilipo hoja yangu. Kama mwavuli ule ungalikunjwa na mwingine, mjomba angalisema tu, "Aliyekunja hakukunja vema," na somo lingalikwisha. Kwa kuwa mkono ulikuwa wake, kosa lilikuwa na mahali pa kutafutwa, nalo likaweza kuondolewa.

Sasa niwajibu wenzangu walionishinda katika mjadala. Rafiki yangu mmoja, msemaji hodari, alisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, tena fundi aliyekunja mara elfu ni salama kuliko mgeni aliyekunja mara moja. Alitoa mfano wa Vita Kuu ya Pili, ambapo huko Uingereza wanawake wengi wa jeshi la anga walikunja miavuli ya marubani, na marubani wale waliwaamini. Mfano huo ni wa kweli, wala siubishi. Rubani wa vita alikuwa na kazi nyingine, naye aliuvaa mwavuli akitumaini hatautumia kamwe. Lakini mtu anayejifunza kuruka anajua hakika kwamba atautumia, leo na kesho na kesho kutwa. Hiyo ndiyo kazi yenyewe aliyokuja kujifunza.

Tena sikusema fundi hana haja. Kila mrukaji hubeba miavuli miwili, mkuu na wa akiba. Katika Marekani sheria yataka ule wa akiba wa nailoni ukunjwe na fundi mwenye cheti, tena ndani ya siku 180 kabla ya kutumiwa. Lakini kuhusu ule mkuu, sheria hiyo hiyo yamruhusu mtu asiye na cheti aukunje bila msimamizi, ikiwa ni yeye mwenyewe atakayeruka nao safari itakayofuata. Kuukunja ili mwingine auvae, hapana, isipokuwa chini ya macho ya fundi. Mimi naona hekima kubwa hapo. Pia Chama cha Parachuti cha Marekani hakimpi mrukaji mpya leseni ya kwanza mpaka awe ameruka mara zisizopungua 25, naye lazima awe ameonyesha kwamba aweza kuukunja mwavuli mkuu bila kusaidiwa.

Na mafundi wenyewe hufundishwaje? Katika chuo cha Jeshi la Wanamaji la Marekani kilichokuwako Lakehurst, New Jersey, mwanafunzi wa kukunja miavuli alitakiwa aruke kwa mwavuli alioukunja mwenyewe ndipo ahitimu. Basi hata fundi anayesifiwa na rafiki yangu aliupata ufundi wake kwa njia hii ninayoitetea.

Sasa naomba ruhusa ya kusema jambo moja linalonihusu mimi na kidato changu. Mwaka jana, nilipokuwa kidato cha tatu, sikuandika muhtasari wangu wa kemia. Nilinakili wa mwenzangu, aliye bora darasani. Ulikuwa safi, wenye vichwa vya habari vya wino mwekundu. Katika mtihani nilishindwa vibaya, na nilipoirudia karatasi yangu sikuweza kujua nilikosea wapi, kwa maana mawazo yale hayakuwa yangu. Nilimlaumu mwenzangu, maskini, ambaye hakuwa na kosa lolote. Niliposimama mbele ya kile kidirisha kisicho na rangi, nilikumbuka daftari lile. Tangu muhula huu uanze naandika muhtasari wangu mwenyewe. Mwandiko ni mbaya na napitwa na wengi, lakini nikikosea naweza kurudi nikaliona kosa lilipolala.

Kwa walimu na wazazi wetu nasema kwa heshima: mtuache tukunje vibaya tukiwa bado chini, penye turubai, ambapo kosa laweza kufunguliwa na kukunjwa upya. Mwalimu wa mjomba hakumnyang'anya mwavuli ili amkunjie upesi, ingawa chai ilikuwa ikipoa. Alitazama, akaonyesha, akaufungua.

Na kwa wenzangu wa kidato cha nne tunaokaribia mtihani nasema: wahenga walinena kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Ndugu zetu watatusaidia mpaka mlango wa chumba cha mtihani. Baada ya hapo kila mmoja ataingia na kile alichokikunja.

Mjomba amekwisha kuniandikia. Sasa anakunja kwa dakika ishirini na tano, na mipira iliyolegea huitupa bila kusema si kitu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne