Kofi la tumba halitaki nguvu: tuwafundishe vijana wetu wa Kapalata

Jumapili moja ya msimu wa mvua nilikuwa hapa kwetu Kapalata na mashine yangu ya kurekodi, nikichukua nyimbo za korali moja kwa ajili ya emisyo ya asubuhi. Misa ilipokwisha, kijana aliyepiga tumba alikuja kusikiliza kazi yake. Ana miaka 14. Nilimpa kaske, akaivaa, na hapo ndipo nilipoona mikono yake. Vidole vilikuwa vimevimba kama ndizi mbivu, na chini ya kidole gumba ngozi ilikuwa imepasuka. Nilimuuliza ni nini. Akajibu bila kulalamika: «Yaya, kama sipigi kwa nguvu, wanasema hawasikii.»

Nilirudi nyumbani na sauti ile, nikaisikiliza usiku mara nyingi. Kijana alikuwa na mwendo mzuri, hakupotea hata kidogo. Lakini tumba yake ilikuwa inasema neno moja tu kutoka mwanzo hadi mwisho: bum, bum, bum. Lile pigo kavu linalokata hewa na kumwamsha mchezaji, lile ambalo wapigaji wetu wanaliita klake na ambalo mimi leo nitaliita kofi, halikuwepo. Alilitafuta kwa nguvu, hakulipata, akaongeza nguvu. Mwisho wa njia hiyo ni ile mikono niliyoiona.

Ninaandika leo kusema jambo moja: kofi la tumba halitoki kwenye nguvu, linatoka kwenye mafundisho. Na sisi wakubwa wa Kapalata, tunaowaacha watoto walitafute peke yao kwa kujiumiza, halafu tunaita hali hiyo «kipawa», tuna deni kwao.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana wengi tunacheza ngoma kila wiki bila kujua mkono unafanya nini. Tumba ina sauti kubwa tatu. Ya kwanza ni besi: kiganja kizima kinaanguka katikati ya ngozi, sauti nzito inatokea chini. Ya pili ni sauti wazi: vidole vinne vimeshikana, vinaanguka karibu na ukingo, na mahali vidole vinapoungana na kiganja panakaa juu ya ukingo wenyewe. Mkono unaruka mara moja, ngozi inaimba. Ya tatu ni kofi. Hapo mkono unarudi karibu mahali pale pale, lakini umbo lake linabadilika. Vidole vinalegea, vinajikunja kidogo kama unafunika chungwa dogo, na ncha za vidole ndizo zinazofika mwisho, kwa haraka, kama kitambaa chenye maji unapokikung'uta. Kidole gumba kinabaki juu, mbali na ukingo. Ukiacha vidole juu ya ngozi, unapata kofi lililofungwa, fupi na kavu. Ukiviacha viruke, unapata kofi wazi lenye mlio mkali zaidi.

Kama unavyoona, hakuna mahali niliposema «piga kwa nguvu». Tofauti ya sauti wazi na kofi ni umbo la mkono na mwendo wake. Mtoto akikaza vidole kama ubao, hata akipiga kama anapasua kuni, sauti wazi itabaki sauti wazi, yenye kelele zaidi tu.

Mimi mwenyewe sikujua hayo. Nilikuwa nimepita miaka thelathini nilipomwomba mzee mmoja wa mtaa wetu, aliyepiga tumba katika orkestra za muji huu tangu ujana wake, anionyeshe. Siku ya kwanza nilipiga kama wengine wote. Alinitazama, akacheka, akasema: «Mutoto, unapiga ngoma ao unapiga mwizi? Ngoma haikukukosea kitu.» Kisha akaninyang'anya ngoma. Kwa wiki mbili nilipiga juu ya meza ya mbao tu. Alikuwa ananishika kifundo cha mkono na kukitikisa: «Acha mukono ulale kwanza. Mukono uliokaza hauna sauti.» Niliona ni kupoteza wakati. Wiki ya tatu akanirudishia ngoma, nikapiga polepole, na katika mapigo kama hamsini likatoka kofi moja. Moja tu. Lilikuwa kali hata mke wangu akachungulia kutoka jikoni. Na mkono haukuniuma hata kidogo.

Hilo ndilo jambo ambalo kijana wetu wa korali hajaambiwa na mtu: kofi zuri halimuumizi mpigaji. Likiuma, maana yake umekosea mahali. Pengine mfupa wa kiganja unagonga ukingo, pengine kidole gumba kimeshuka, pengine umevaa pete. Mzee wangu alikuwa anatumia maumivu kama mwalimu wa pili. Unaposikia uchungu unasimama, unatafuta kosa, ndipo unaendelea. Watoto wetu tunawaambia wavumilie.

Na mambo haya si ya mzaha. Madaktari wa nchi mbalimbali wameandika habari za wapiga ngoma za mkono ambao, baada ya kupiga kwa nguvu kwa saa nyingi, mkojo wao ulitoka mwekundu ao mweusi kama koka. Chembe za damu zinapondwa ndani ya kiganja kwa kugongwa bila kupumzika, na rangi yake inapita kwenye figo. Kwa kawaida hali hiyo inatulia mtu akipumzika. Lakini fikiria mtoto wa miaka 14 anayeona hivyo asubuhi ya Jumatatu na kuogopa kumwambia mama yake. Katika muji ambapo homa na bilarzia vinatusumbua vya kutosha, hatuhitaji kuongeza ugonjwa unaotokana na kutofundishwa.

Kuna mtu atasema: mwandishi, muji una shida ya umeme, ya maji, ya barabara, na wewe unatuletea habari ya kofi la ngoma? Nitamjibu kwa kumkumbusha yeye anaishi wapi. Kisangani ni muji uliojengwa kando ya mto ambao ngoma zilikuwa zinasema juu yake. Ndugu zetu Walokele walikuwa wanatuma habari za kifo, za mkutano, za mtumbwi unaokuja, kwa kugonga gogo lenye mdomo. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyefanya kazi Yakusu, chini kidogo ya muji wetu, alijifunza ngoma ile na mwaka 1949 akachapisha kitabu juu yake. Alieleza kwamba gogo lina sauti mbili, ya juu na ya chini, zinazofuata sauti za maneno ya Kilokele yenyewe. Na katika Kilokele, sauti ikikosewa maana inageuka: maneno ya kusema kwamba mtu alitazama ukingo wa mto yanaweza kuwa habari kwamba alimpika mama mkwe wake.

Gogo la Walokele linapigwa kwa fimbo, halina ngozi, si tumba. Lakini somo lake linatufaa. Kwa wazee wa mto huu, kila pigo lilikuwa na kazi yake, na aliyechanganya mapigo alionekana kama mtu anayesema ovyo. Tumba isiyo na kofi ni kama mtu aliyepoteza herufi katika alfabeti. Anasema, tunamwelewa nusu.

Tumba yenyewe ina safari ndefu. Watu waliochukuliwa utumwani kutoka pande zetu za Kongo walifika Kuba na kumbukumbu za ngoma zao, na kutokana na hizo na za Waafrika wengine ikazaliwa ngoma ambayo dunia inaiita konga. Baadaye muziki wa Kuba ulirudi kwetu ndani ya sahani za gramofoni, na wanamuziki wa Léopoldville wakaupokea kama mtoto aliyerudi nyumbani. Mwaka 1974, katika tamasha kubwa la Kinshasa lililoandaliwa pamoja na pambano la Ali na Foreman, kundi la Fania All-Stars lilipiga mbele ya umati wetu, na kwenye tumba alikuwa Ray Barretto, mtoto wa New York mwenye wazazi wa Puerto Rico. Mwaka 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo kati ya urithi wa wanadamu. Tulishangilia hapa Boyoma, hata mimi nilishangilia kwenye mikrofoni.

Lakini urithi haurithiwi kwa tangazo. Katika mwendo wa kawaida wa tumba wa Kuba, wenye mapigo manne, mkono wa kushoto unatembea kiganja na vidole, kofi linaanguka kwenye pigo la pili, na sauti mbili wazi zinafunga kwenye pigo la nne. Ondoa kofi hilo, mchezaji hajui tena mguu aushushe wapi. Je, ni vijana wangapi wa mtaa wako wanaoweza kukuonyesha mwendo huo? Hesabu mwenyewe. Kisha uhesabu wazee wanaoujua, na umri wao.

Najua majibu ninayopewa kila mara ninapoleta habari hii. Wa kwanza ni wanamuziki wenyewe: «Ngoma ni kipawa, haifundishwi.» Ndugu zangu, hata fundi wa baiskeli ya toleka alikaa chini ya fundi mwingine kabla ya kujua kunyoosha gurudumu. Kipawa kinamfanya mtoto apende. Mwalimu anamfanya aweze. Na mara nyingine, tuseme ukweli, anayesema ngoma haifundishwi anaogopa kijana atachukua nafasi yake Jumamosi kwenye arusi.

Wa pili ni wazazi: «Ngoma itamfanya mtoto kuwa shege.» Ninawaelewa, nami nina watoto. Lakini mtoto wenu tayari anapiga, kanisani mbele yenu, na mnampigia makofi. Tangu mwaka 1988 Roma ilikubali misa ya kizaire pamoja na ngoma na kucheza kwake, na makanisa mengine hayakungoja ruhusa ya Roma. Kama ngoma ni nzuri kwa kumsifu Mungu asubuhi, haiwezi kuwa mbaya mtoto anapojifunza kuipiga sawasawa saa kumi jioni.

Wa tatu ni vijana wenyewe: «Yaya, sinti ina tumba ndani yake, unabonyeza tu.» Ni kweli, na umeme unapokatika sinti inanyamaza pamoja na friji. Lakini hata umeme ukiwepo, tumba ya ndani ya mashine haikutazami. Mpigaji mzuri anamwona mama aliyesimama kucheza na kumpa kofi pale anaposhusha bega. Mashine haijui kama kuna mama.

Basi tufanye nini? Siombi jengo, wala mradi wenye kibao barabarani. Ninaomba mambo manne madogo.

Moja: kila korali na kila orkestra ya Kapalata iwape watoto saa moja kwa wiki pamoja na mpigaji mwenye ujuzi. Saa ya mafundisho, si ya repetisyo. Katika repetisyo mtoto anatafuta kumaliza wimbo, hana nafasi ya kutafuta mkono wake.

Mbili: tumlipe mzee. Mara nyingi tunamwita «papa, utusaidie», tunamnywesha soda, anarudi kwa miguu. Wazazi kumi wakitoa franka 1 000 kila mmoja kwa wiki, hizo ni franka 10 000 kwa mtu ambaye ujuzi wake haupatikani dukani. Akilipwa atakuja kwa saa yake, nasi tutakuwa na haki ya kumwuliza mtoto amefika wapi.

Tatu: tutunze ngoma. Hewa ya hapa kwetu ina maji mengi, na ngozi inalegea. Ngoma iliyolegea haitoi kofi hata kwa bingwa, na mtoto anadhani kosa ni lake, anaongeza nguvu. Yenye buloni ikazwe kidogo kidogo, kila buloni kwa zamu, na ilegezwe baada ya kupiga. Yenye vigingi ipashwe moto kwa mbali kabla ya misa. Hilo peke yake litaokoa vidole vingi.

Nne: viongozi wa korali, acheni kusema «hatusikii». Mkitaka tumba isikike, isogezeni mbele, ao punguzeni sinti.

Kwa upande wangu, nimeomba dakika tano katika emisyo yetu ya Jumamosi. Mzee wangu amekubali kuja na tumba yake, apige kofi moja moja polepole, aeleze. Mtoto asiye na ngoma atafuata juu ya meza, ao juu ya bido tupu. Ndivyo nami nilivyoanza.

Yule kijana wa korali amekuja kwangu mara tatu tangu siku ile. Nimempeleka kwa mzee. Sasa yuko kwenye meza, hajarudishiwa ngoma bado, na amekasirika kama nilivyokasirika mimi. Lakini juzi nilipomshika mkono kumsalimu, niligundua kitu. Vidole vilikuwa vimepona, na mkono ulikuwa umelala.