Mtungi wa baridi uwafikie na binadamu

Ndugu zangu tuliorejea nyumbani, pamoja nanyi wafanyabiashara mnaovuka mipaka kwenda Lilongwe, leo nawaomba tuzungumzie ngozi.

Mimi nimesomea uhamishoni, katika kambi ya Dzaleka iliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa. Wanafunzi wenzangu wenye ualbino walishinda juani bila kofia wakisubiri mgao wa chakula. Walitokwa na madoa makavu yenye magamba usoni, na watu wakasema ni vipele vya joto. Kumbe madoa hayo yakiachwa yanaweza kugeuka saratani.

Tiba ipo. Daktari hupuliza naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, juu ya doa kwa sekunde chache. Ngozi iliyoharibika hufa, hutoka lengelenge, kisha gaga hubanduka. Chunjua, ambazo huletwa na virusi, nazo hutibiwa hivyo, ingawa za watoto nyingi huisha zenyewe. Ngozi nyeusi huweza kubaki na alama nyeupe. Mgonjwa aelezwe mapema. Ama kidonda kisichopona, kwanza kikatwe kipande kikapimwe.

Inasikitisha kuwa wapo wanaochoma chunjua kwa tindikali ya betri. Hiyo si tiba, ni jeraha jipya.

Wafugaji wanaifahamu naitrojeni hii, kwani ndiyo inayohifadhi mbegu za kuhimilishia ng'ombe. Kama mtungi unamfikia ng'ombe kijijini, kwa nini usimfikie binadamu kambini? Dzaleka haifiki kilomita 60 kutoka Lilongwe. Wataalamu nao wanafundishwa hapa hapa Afrika Mashariki: chuo cha magonjwa ya ngozi cha KCMC, Moshi, kinafanya kazi hiyo tangu mwaka 1992. Nashauri iwepo siku maalumu ya kila mwezi, kambini na katika vituo vya afya vya mipakani, ili watu wenye ualbino wakaguliwe ngozi na kutibiwa bure.

Nanyi wafanyabiashara, punguzeni mikorogo kwenye mizigo yenu; inaivua ngozi kinga yake. Leteni kofia pana, mashati ya mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua, ambayo mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliyaingiza katika orodha ya dawa muhimu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa saratani hujengwa kwa gharama ya maisha.