Bloku si Rekodi: Suala la Istilahi katika Uhamishaji wa Programu za COBOL

Yapo maoni kwamba programu ya COBOL ikihamishwa kutoka kompyuta kuu ya IBM, sharti tamko la BLOCK CONTAINS lifutwe. Maoni hayo hayana mashiko: GnuCOBOL, kwa mfano, hulitambua tamko hilo bila kulitekeleza. Hatari imo katika faili lenyewe. Kila rekodi ya urefu unaobadilika hutanguliwa na baiti 4 zinazotaja urefu wake. Kila bloku nayo ina baiti 4 zake. Hizi za bloku zisipoondolewa, programu huzisoma kama rekodi, na hesabu za mishahara au pensheni huvurugika. Kwa hiyo istilahi zitenganishwe: rekodi ni kipashio cha maana, bloku ni kifurushi tu. Kuuita upangaji wa rekodi katika bloku "uzuiaji" ni kupotosha.