Likizo hii, rede badala ya ziwani

Likizo ikianza, watoto wengi wa Mwanza hukimbilia kuogelea Ziwa Victoria. Kwenye maji ya kina kifupi kuna konokono wanaoeneza minyoo ya kichocho, ambayo hupenya kwenye ngozi.

Mzazi, kukataza pekee hakutoshi. Wafundishe rede. Wawili wanasimama pande mbili wakirusha mpira wa soksi kuukuu. Wa katikati anaukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Mpira ukimgusa, ametoka. Chupa ikijaa, ameshinda. Wavulana nao wacheze.

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi wastani wa dakika 60 kwa siku.

Aliyeogelea akiumwa tumbo au akipata choo chenye damu, mwahishe kituo cha afya. Kichocho kina dawa.